ByteTrack kazini: kifuatiliaji chepesi kinachoamua haraka na hakirudi nyuma

Kutambua watu kumi kwenye fremu moja ya video si kazi ngumu tena. Ugumu uko kwenye kusema kwamba mtu namba 4 wa fremu hii ndiye namba 4 wa fremu iliyopita, huku kitambuzi (programu inayochora kisanduku kuzunguka kila mtu) kimemkosa mmoja, kimemwona mwingine nusu, na watatu wamepishana nyuma ya nguzo. Kila fremu inadai uamuzi: kisanduku hiki ni cha nani kati ya tuliokuwa nao, ni cha mtu mpya, au si cha mtu kabisa? ByteTrack ilitoka mwaka 2021 na ikawasilishwa kwenye mkutano wa kompyuta na uoni, ECCV, mwaka 2022. Inajibu maswali hayo kwa msimbo mfupi ambao mtu anayejua Python anaweza kuusoma wote kwa kikao kimoja. Kwa kamera iliyotulia, yenye fremu za kutosha na kitambuzi kizuri, ndiyo ninayopendekeza ianze kujaribiwa kabla ya nyingine zote. Ila ina tabia moja ambayo lazima ijulikane kabla ya kuipa kazi: hupima mashaka yake kwa makini, kisha inapofika wakati wa kuamua huyaweka kando.

Tuanze na wema wake, maana ni mkubwa. Vifuatiliaji vilivyoitangulia, kama SORT ya mwaka 2016, vilitupa kila kisanduku chenye alama ya uhakika ya chini, kwa kawaida chini ya 0.5. Hoja ilikuwa kwamba alama ndogo ni dalili ya makosa. Lakini mtu anapopita nyuma ya mwenzake, alama yake haiporomoki ghafla. Hushuka kutoka 0.9 hadi 0.6, hadi 0.3, kisha hupanda tena. Ukitupa zile za 0.3 unamkata katikati ya safari yake, na akitokea upande wa pili anahesabiwa mgeni. ByteTrack hugawa visanduku mafungu mawili. Vyenye alama ya juu huoanishwa kwanza na njia zote zilizopo (njia ni rekodi ya safari ya mtu mmoja yenye namba yake), pamoja na zile zilizopotea muda si mrefu. Njia zinazobaki bila mwenzi ndizo hupewa nafasi ya kuoanishwa na visanduku dhaifu, vyenye alama kati ya 0.1 na kizingiti. Kisanduku dhaifu kisichopata mwenyewe hutupwa, na hakiruhusiwi kuanzisha njia mpya.

Mpangilio huo ni uamuzi wa busara chini ya mashaka. Ushahidi hafifu unatosha kuendeleza jambo linalojulikana tayari, lakini hautoshi kuzua jambo jipya. Kuna na kipengele cha pili ambacho wengi hawakioni mpaka wasome msimbo. Awamu ya pili inahusu njia zilizokuwa hai kwenye fremu iliyopita tu. Njia iliyokwisha kupotea hairudishwi na kisanduku dhaifu, inasubiri kisanduku chenye nguvu. Bila sharti hilo, kila kivuli ukutani kingefufua mtu aliyeondoka.

Kwenye MOT17, seti ya video za majaribio, waandishi wake walipata MOTA 80.3 (hupima hasa visanduku vilivyokosewa), IDF1 77.3 (hupima namba zilivyotunzwa) na HOTA 63.1 (huchanganya yote mawili), kwa fremu 30 kwa sekunde kwenye kadi moja ya michoro ya V100, kitambuzi cha YOLOX kikiwemo. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya kitambuzi. Kazi ya kufuatilia yenyewe ni nyepesi kiasi cha kuendeshwa na kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya michoro.

Sasa vizingiti, mahali ambapo watumiaji wengi huharibu bila kujua. Katika onyesho la toleo la asili, track_thresh (mpaka kati ya alama ya juu na dhaifu) ni 0.5, track_buffer (muda wa kusubiri njia iliyopotea) ni 30, na match_thresh ni 0.8. Hii ya mwisho inasomwa kinyume mara nyingi. Haimaanishi kwamba visanduku viwili lazima vifunikane kwa asilimia 80. Ni umbali wa juu unaokubalika, na umbali ni 1 kutoa IoU, yaani 1 kutoa uwiano wa eneo ambalo visanduku viwili vinashirikiana kwa eneo lote vinalofunika vyote viwili. Kwa hiyo 0.8 ina maana ya IoU isiyopungua 0.2. Anayeipandisha hadi 0.9 akidhani amekaza masharti, ameyalegeza.

Isitoshe, toleo la asili huzidisha IoU kwa alama ya kitambuzi kabla ya kulinganisha, isipokuwa ukiwasha hali ya MOT20, mpangilio wa video zenye msongamano mkubwa. Kisanduku chenye alama 0.6 kinahitaji IoU ya angalau 0.33, kwa sababu 0.2 kugawanya kwa 0.6 ni 0.33. Chenye alama 0.9 kinatosheka na 0.22. Awamu ya pili haizidishi chochote na inataka IoU ya 0.5.

Nambari hizi huwa na maana zaidi zikigeuzwa kuwa umbali. Chukua visanduku viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kimesogea pembeni tu. IoU ya 0.2 hupatikana pale kimoja kimesogea theluthi mbili za upana wake. IoU ya 0.33 ni nusu ya upana, na IoU ya 0.5 ni theluthi moja. Mtu wa mbali mwenye kisanduku cha pikseli 30 kwa upana, akionekana kwa alama 0.6, hapaswi kuwa zaidi ya pikseli 15 kutoka pale alipotabiriwa. Akiwa kwenye awamu ya visanduku dhaifu, ni pikseli 10. Mtu wa karibu mwenye kisanduku cha pikseli 150 ana nafasi mara tano ya hiyo. Ndiyo sababu mfumo huo huo hufanya vizuri mbele ya picha na kuvurunda nyuma, na wala si kosa la kitambuzi. Kabla ya kugusa kizingiti chochote, pima upana wa kisanduku kidogo unachojali na pikseli anazosogea mtu kati ya fremu mbili. Kama hesabu haikai, ongeza fremu kwa sekunde au usogeze kamera. Kizingiti hakitakuokoa.

Njia mpya zina sharti gumu zaidi, na hapa kuna tatizo linalowasumbua hasa wanaofuatilia magari au mipira. Isipokuwa kwenye fremu ya kwanza ya video, njia mpya huanza bila kuthibitishwa. Lazima ipate mwenzi kwenye fremu inayofuata, la sivyo inafutwa papo hapo. Kasi yake bado ni sifuri, kwa hiyo utabiri ni kwamba kitu hakijasogea. Umbali wa juu hapa ni 0.7, maana yake IoU ikizidishwa kwa alama isipungue 0.3. Kwa alama 0.8 inahitajika IoU ya 0.375, na kitu kinachosogea zaidi ya asilimia 45 hivi ya upana wake kwa fremu moja hakitathibitishwa kamwe. Kitambuzi kitakionyesha kila fremu, kifuatiliaji hakitakipa njia hata mara moja. Wanaoruka fremu ili kuokoa nguvu za kompyuta hukutana na hali hii na kulaumu kitambuzi.

Kuanzisha njia kunahitaji pia alama iliyo juu ya track_thresh kwa 0.1. Ukiacha 0.5, kisanduku cha 0.55 kinaweza kuendeleza njia lakini hakiwezi kuianzisha.

Kuhusu track_buffer, 30 si sekunde wala si fremu 30 daima. Muda wa kusubiri njia iliyopotea hukokotolewa kwa kugawanya kasi ya fremu kwa 30 na kuzidisha kwa track_buffer. Ukiipa kasi sahihi, 30 ni sekunde moja siku zote. Ukisahau kuipa, hudhani ni fremu 30 kwa sekunde. Video ya fremu 10 itasubiri sekunde tatu, na katika muda huo mtu mwingine anaweza kufika pale pale na kurithi namba isiyo yake.

Kosa linaloharibu zaidi kuliko yote linatokea nje ya ByteTrack kabisa. Vitambuzi vingi vina kichujio chao cha alama, mara nyingi 0.25 au zaidi. Kikichuja kabla, awamu ya pili inabaki na mabaki machache au haina kitu, na unatumia SORT iliyobadilishwa jina. Shusha kichujio cha kitambuzi hadi 0.1 au chini yake. Angalia pia hatua inayofuta visanduku vinavyolaliana. Kizingiti cha 0.45 kinachopendwa kwingine humfuta mtu aliye nyuma ya mwenzake hata kama ameonekana vizuri. Mipangilio ya waandishi hutumia 0.7 kwa sababu hiyo. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: chapisha idadi ya visanduku vyenye alama kati ya 0.1 na 0.5 vinavyoingia kwenye kifuatiliaji. Ikiwa sifuri kwenye video yenye msongamano, tatizo liko huko.

Turudi kwenye mashaka. ByteTrack hutumia kichujio cha Kalman chenye hali ya vipimo vinane: kitovu cha kisanduku kwa mlalo na wima, uwiano wa upana kwa kimo, kimo, na kasi ya kila kimoja. Kila fremu kichujio hutabiri kisanduku kitakuwa wapi, na pia hutabiri kinaweza kuwa kimekosea kwa kiasi gani. Kiasi hicho kimefungwa kwenye kimo cha kisanduku: sehemu moja ya 20 kwa mahali, sehemu moja ya 160 kwa kasi. Kwa mtu wa pikseli 200 kwa kimo, kila fremu huongeza kelele yenye mkengeuko wa pikseli 10 kwa mahali. Akipotea kwa fremu 30, kelele hiyo peke yake imefika pikseli 55 hivi, kabla hujaongeza mashaka ya kasi.

Kisanduku cha mtu huyo kina upana wa karibu pikseli 80. Theluthi mbili zake ni 53. Kwa hesabu zake chenyewe, basi, kichujio kinasema kosa la pikseli 55 ni la kawaida kabisa, huku kanuni ya kuoanisha ikimkataa mtu aliyesogea pikseli 54. Sababu ni kwamba uoanishaji hutazama kisanduku cha wastani tu. Mkengeuko wote uliokokotolewa kwa bidii hauingii kwenye uamuzi. Unaingia baadaye tu, njia ikishapata mwenzi, pale kichujio kinapoamua kiamini kipimo kipya au utabiri wake.

Vivyo hivyo kwa alama ya kitambuzi. Kisanduku cha 0.15, ambacho mara nyingi kimekatwa miguu na nguzo au kimemeza nusu ya jirani, husahihisha kichujio kwa uzito uleule wa kisanduku cha 0.95. Matokeo yake unayaona: mtu akijificha, kisanduku kinafupika, kichujio kinadhani kimo kinapungua na kitovu kinapanda, na akitokea tena utabiri umehama.

Marekebisho ya tatizo la alama ni madogo, na ningeyafanya kwenye kila usakinishaji wa kazi halisi. Kwenye hatua ya kusahihisha, zidisha kelele ya kipimo kwa 1 kutoa alama, ukiweka kikomo cha chini ili isifike sifuri. StrongSORT, kifuatiliaji kingine, hufanya hivyo. Kisanduku cha 0.95 kinaaminiwa sana. Cha 0.15 kinabaki karibu na kelele ya asili, kwa hiyo tofauti kati yao inaonekana.

Kwa njia zilizopotea, ongeza awamu ya tatu baada ya zile mbili. Tanua visanduku vya pande zote mbili kwa asilimia 30 ya upana na kimo kila upande kabla ya kukokotoa IoU. Kisanduku kinakuwa mara 1.6, na theluthi mbili za hapo ni zaidi kidogo ya upana mmoja wa asili. Fanya hivyo kwa visanduku vyenye alama ya juu ambavyo havikupata mwenzi, wala si mwanzoni, la sivyo njia zilizopotea zitaanza kuiba majirani. Mbinu nyingine ni kutumia umbali wa Mahalanobis, unaopima kosa kwa kulilinganisha na mashaka ya kichujio chenyewe. Msimbo wake umo tayari ndani ya faili la kichujio lakini uoanishaji wa ByteTrack hauutumii. Mpaka wake kwa vipimo vinne ni 9.4877, unaoruhusu asilimia 95 ya makosa ya kawaida. Tahadhari: baada ya fremu nyingi mpaka huo unakuwa mpana mno, kwa hiyo usitumike bila IoU iliyotanuliwa kando yake.

Upishano wa watu wawili ndio mtihani mkuu. Kuoanisha hufanywa na maktaba ya lap, inayotafuta jumla ndogo kuliko zote badala ya kila mmoja kujichukulia aliye karibu. Hilo ni jema. Tuseme njia A iko umbali wa 0.30 kutoka kisanduku cha 1 na 0.35 kutoka cha 2, na njia B iko 0.32 kutoka cha 1 na 0.75 kutoka cha 2. Anayechukua kilicho karibu zaidi kwanza humpa A cha 1, kisha B anaambulia cha 2, jumla 1.05. Kwa jumla ndogo, A hupewa cha 2 na B cha 1, jumla 0.67, na tofauti ni kubwa kiasi cha kuaminika.

Lakini badili hiyo 0.75 iwe 0.38. Jumla ya upande mmoja ni 0.68 na ya upande wa pili ni 0.67. ByteTrack itachagua ya 0.67 kwa ujasiri uleule, na haitaandika popote kwamba ilikuwa karibu kurusha sarafu. Kwake maji yakimwagika hayazoleki: namba ikishabadilishana, fremu mia zinazofuata haziwezi kuirudisha. Mbinu ya dhana nyingi aliyoitangaza mtafiti Reid mwaka 1979 hushika majibu yote mawili na kusubiri ushahidi, ila idadi ya dhana hulipuka na lazima zipogolewe. Kwa video ya moja kwa moja yenye umati, gharama hiyo ni nzito.

Kuna njia ya kati, na inashangaza kwamba haitumiki sana. Baada ya kila uoanishaji, kwa kila jozi ya njia mbili zinazogombea visanduku vilevile, kokotoa jumla iliyochaguliwa na jumla ikiwa zingebadilishana. Tofauti ikiwa chini ya 0.1, tia alama kwamba namba zote mbili zina shaka kuanzia fremu hiyo. Thamani ya 0.1 ni ya kuanzia tu, irekebishwe kwa video yako. Ripoti inayosema "hawa wawili huenda wamebadilishana hapa" ina faida kuliko ripoti safi yenye uongo ndani.

Mambo mengine ya kujua kabla ya kuanza. Toleo la asili halijui aina za vitu. Ukiliingizia visanduku vya watu na magari pamoja, kisanduku cha gari kinaweza kurithi namba ya mtu. Endesha nakala moja kwa kila aina. Kihesabio cha namba, hata hivyo, ni kimoja kwa nakala zote, na hakirudi sifuri ukianza video mpya bila kufunga programu. Namba kubwa kuliko zote si idadi ya watu waliopita pia: njia hupewa namba kabla ya kuthibitishwa, kwa hiyo kila kelele ya fremu moja hula namba yake. Hesabu njia zilizodumu, tuseme, nusu sekunde na kuendelea. Onyesho lake hutupa visanduku ambavyo upana unazidi kimo mara 1.6, kwa kuwa lilikusudiwa watu waliosimama. Aliyelala chini au gari lililoonekana ubavuni halitaonekana, na kwa kamera za usalama mtu aliyeanguka ndiye hasa anayetafutwa.

Kusakinisha kunakwama mahali pawili. Kifurushi cha cython_bbox kinahitaji NumPy, Cython na kikusanyaji cha C viwepo kabla yake. Kisha msimbo hutumia np.float, iliyoondolewa kwenye NumPy 1.24. Badilisha iwe float kila inapotokea, au bakia kwenye toleo la chini ya hapo.

Ukipima ubora, usidanganywe na MOTA peke yake. Watu 20 kwa fremu 500 ni visanduku 10 000. Namba zikibadilishana mara 20, MOTA inapungua kwa 0.2 tu kati ya 100, ingawa kila safari imevurugika. Tazama IDF1 na HOTA. Kwenye seti ya DanceTrack, yenye wachezaji waliovaa sare na kuruka huku na huku, ByteTrack hupata MOTA karibu 90 lakini HOTA chini ya 50. Pengo hilo ni picha halisi ya udhaifu wake: inaona kila mtu, haijui nani ni nani. OC-SORT, inayosahihisha kasi baada ya mtu kutokea tena, huvuka HOTA 54 kwenye seti hiyo bila kutumia sura, yaani mwonekano wa mtu. Kamera ikitembea, chagua BoT-SORT, ambayo hufidia mtikisiko wa picha na kuhifadhi upana badala ya uwiano. Sura za watu zikitofautiana na mapotezo yakizidi sekunde mbili tatu, kifuatiliaji chenye kumbukumbu ya sura kitakufaa, ukikubali gharama ya mtandao mwingine wa neva. Kama wote wamevaa sare moja, kumbukumbu hiyo haina cha kushika.

Leseni ya ByteTrack ni MIT, na YOLOX ni Apache 2.0. Nakala iliyo ndani ya maktaba ya Ultralytics ni rahisi kusakinisha na ina vizingiti tofauti na vilivyotajwa hapa, ila iko chini ya AGPL-3.0, ambayo inagusa msimbo wako ukiitoa kama huduma. Uzito uliofunzwa wa waandishi umetokana na seti kama MOT17 na CrowdHuman, ambazo masharti yake hayaruhusu biashara. Kwa bidhaa ya kuuza, chukua kifuatiliaji, kisha funza kitambuzi chako kwa picha ulizo na haki nazo.